Kisu cha Nyasi na Haki ya Asiyekuwepo

Mvua za masika zikishanyesha, nyasi za Eastlands, mitaa ya mashariki mwa Nairobi, hazimsubiri mtu. Kaloleni, mtaa uliojengwa miaka ya 1940 kwa mpango wa nyumba kuzunguka viwanja vya majani. Jericho na Maringo. Hata Buruburu, iliyoanza kujengwa miaka ya 1970 kwa vikundi vya nyumba ambavyo wakazi huviita korti: kote huko kumebaki vipande vya ardhi vinavyodai kukatwa. Sehemu kubwa hukatwa kwa slasha na mgongo wa kibarua. Lakini zipo shule, makanisa na korti zenye mashine za petroli, na kisu cha mashine kikiwa butu hupelekwa kwa fundi wa jua kali, yaani wa karakana ndogo isiyo rasmi, mwenye grainda. Fundi hukinoa mpaka kinapata, mteja hupima makali kwa kidole gumba, hulipa na kwenda zake. Hakuna anayeuliza kama ncha mbili za kisu kile zina uzito sawa. Hapo ndipo linapozuka swali ambalo ni la dini na falsafa kuliko la karakana: fundi anayejua kwamba ncha hizo haziko sawa, na anayejua pia kwamba hataulizwa, ana deni? Na kama analo, mdai wake ni nani? Jibu ninalolitetea ni kwamba deni lipo, na mdai wake mkuu si mteja. Ni mtu ambaye hakuwepo bei ilipopatanwa, asiyejua kwamba anadai, na asiye na njia ya kudai. Haki ya mtu wa namna hiyo ndiyo inayotuonyesha ucha Mungu wa mtu kwa ukweli zaidi kuliko haki ya yule anayeweza kupiga kelele.

Ushahidi uanze na chuma chenyewe, kwa sababu maadili yanayozungumzwa mbali na kazi huishia kuwa mahubiri matupu. Kisu cha mashine ya kusukuma ni kipande kimoja cha chuma, urefu wake nusu mita hivi, chenye tundu katikati na makali kwenye ncha zote mbili. Injini hukizungusha mara 3,000 hivi kwa dakika, yaani mara 50 kila sekunde, na kwa mwendo huo ncha yake hupita hewani kwa kasi inayozidi kilomita 280 kwa saa. Kunoa ni kuondoa chuma. Ncha iliyogonga jiwe huhitaji kusagwa zaidi kuliko mwenzake, hivyo kisu kinaweza kutoka kwenye grainda kikiwa kikali pande zote mbili lakini chepesi upande mmoja. Tuseme upungufu ni gramu 10, uzito wa vijiko viwili vidogo vya sukari, na umetoka kwenye ncha. Kisu kikiwa mkononi, tofauti hiyo haitambuliki. Kikizunguka, hesabu ya fizikia ya sekondari inatoa jibu la kushtua: upande mzito huuvuta mhimili kwa nguvu sawa na mzigo wa kilo 25, na mvuto huo huzunguka na kisu, mara 50 kila sekunde. Beringi hulika, bolti hulegea, nyufa huanza mahali chuma kilipochoka, na mikono ya anayesukuma hutetemeka asubuhi nzima. Madaktari wanaujua ugonjwa unaowapata watu waliofanya kazi miaka mingi na mashine zinazotetemeka: vidole hufa ganzi, hupauka kwa baridi, na mwisho mtu hushindwa hata kufunga kifungo.

Dawa ya kasoro hii ni nafuu mno. Msumari hupigwa ukutani, kisu hutundikwa kwa tundu lake la katikati, na upande mzito hushuka wenyewe. Fundi husaga kidogo upande huo, hutundika tena, na huendelea hivyo mpaka kisu kitulie mlalo. Kuna mambo mengine mawili ambayo mteja hayaoni lakini fundi anayaona. La kwanza ni joto. Chuma kikibanwa kwenye grainda bila kupozwa kwa maji hugeuka rangi ya samawati, na rangi hiyo ni dalili kwamba ugumu wake umepotea. Kisu kitatoka karakanani kikiwa kikali na kitakuwa butu kabla ya uwanja kumalizika. Msasa kidogo hufuta rangi hiyo, lakini haurudishi ugumu. La pili ni ufa mdogo karibu na tundu, ambao dawa yake ni kukitupa kisu, wala si kukichomelea. Uwiano, ugumu na ufa: mambo matatu ambayo fundi pekee ndiye shahidi wake, na ambayo kidole gumba cha mteja hakiwezi kuyagundua.

Tuangalie sasa hasara inamwangukia nani. Mwenye mashine, awe mwalimu mkuu, kamati ya kanisa au mwenyekiti wa korti, ni nadra kuisukuma yeye mwenyewe. Anayeisukuma ni mtunza uwanja wa mshahara mdogo, au kibarua aliyeitwa kwa asubuhi moja. Hakumchagua fundi, hakusikia bei, wala hana uhuru wa kusema siitaki mashine hii, kwa sababu kuikataa mashine ni kukosa chakula cha siku. Kando yake kuna watoto wanaopita kwenda dukani, na mama anayeanika nguo kwenye kamba. Kisu kikikatika au bolti ikichomoka, chuma hakitafuata njia ya aliyelipa. Hapa ndipo tunapopaswa kutenganisha hisani na haki. Fundi akitia mafuta kwenye magurudumu bila kuombwa, hiyo ni hisani; angeiacha, asingemdhulumu mtu. Uwiano wa kisu hauko katika fungu hilo. Kwa kunoa, fundi amebadilisha uzito wa kitu ambacho mtu mwingine atakishika akiwa amekiamini. Hatari ikitokea kwenye kisu hicho, ni yeye aliyeiumba kwa mkono wake. Anayeumba hatari na kuiacha hajanyima hisani, amechukua kitu cha mwenzake, yaani usalama wake, bila ruhusa.

Dini zinazoishi bega kwa bega katika mitaa hii zimelijua jambo hili kwa undani kuliko tunavyokumbuka. Katika mkusanyo wa Imam Muslim, na tena katika Hadithi Arubaini za Imam Nawawi zinazosomwa madrasa, ipo hadithi iliyopokewa na Shaddad bin Aus, inayofundisha kwamba Mungu amefaradhisha ihsani, yaani kufanya kila jambo kwa ubora wake, na mfano uliochaguliwa ni wa kuchinja: mchinjaji akinoe kisu chake na ampunguzie mnyama maumivu. Tuutafakari mfano huo. Ubora wa kazi ungeweza kufundishwa kwa mshonaji anayetaka kumridhisha mteja, au kwa mjenzi anayetafuta sifa. Umefundishwa kwa kisu, na kwa kiumbe asiyelipa, asiyeshukuru, asiyeweza kushtaki, na ambaye baada ya dakika chache hatakuwepo kabisa. Makali ya kisu yamefanywa kuwa haki ya yule asiye na sauti yoyote katika shughuli ile. Ikiwa mbuzi ana haki hiyo kwa mchinjaji, itakuwaje kibarua wa Makongeni akose haki yake kwa fundi?

Biblia nayo inatoa hoja hiyo kwa njia ya sheria. Sura ya 19 ya kitabu cha Walawi inaamuru mizani ya haki na vipimo vya kweli, lakini kabla ya kufika huko inakataza kumwekea kipofu kikwazo njiani. Walimu wa Kiyahudi waliosoma amri hiyo hawakuishia kwa asiye na macho. Waliona kwamba kila asiyejua ni kipofu katika jambo asilolijua, na kila anayetumia kutojua kwake anamwekea kikwazo. Kibarua ni kipofu kuhusu kisu kilichofichwa chini ya mashine yake. Sura ya 22 ya Kumbukumbu la Torati inakwenda mbali zaidi: anayejenga nyumba mpya na atie ukingo kwenye paa, ili damu ya atakayeanguka isiwe juu ya nyumba yake. Anayetajwa hapo ni yeyote atakayepanda na kuanguka, awe mnunuzi, mpangaji au mgeni. Mjenzi anadaiwa na mtu ambaye huenda bado hajazaliwa. Na sura ya 55 ya Kurani, ikizungumzia kuinuliwa kwa mbingu, inataja papo hapo kuwekwa kwa mizani na kuwaonya wanadamu wasiipotoe. Katika maandiko yote hayo, uadilifu wa kipimo haukuanza na mapatano ya watu wawili sokoni. Ulikuwepo kabla yao, na wao wameukuta.

Huenda mtu akasema kwamba kulinganisha kisu cha nyasi na ukingo wa nyumba ni kukuza jambo. Basi tuitazame Eastlands yenyewe. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, mvua kubwa ikinyesha, jengo la ghorofa liliporomoka Huruma na kuua watu zaidi ya 40. Wengi wao walikuwa wapangaji, watu waliolipa kodi ya nyumba bila kuwa na njia ya kujua kilichomo ndani ya kuta wala ubora wa udongo chini ya msingi. Ukubwa wa maafa ya Huruma na wa kisu kilichokosa uwiano haulingani hata kidogo. Lakini tabia inayozaa mambo hayo mawili ni moja: kuhesabu kuwa kazi imekamilika pale ambapo jicho la mteja limetosheka. Mtu hajifunzi tabia hiyo siku anapopewa jengo. Huwa amejifunza zamani, katika vitu vidogo, kwamba kilichofunikwa hakina mwenyewe. Kwa hiyo anayetaka majengo yasiyoua ana sababu ya kuujali msumari ulio ukutani mwa karakana.

Pingamizi la kwanza ni zito, na linastahili kusikilizwa kwa heshima. Henry Odera Oruka, aliyefundisha falsafa katika Chuo Kikuu cha Nairobi mpaka kifo chake mwaka 1995, alitetea kwamba kila binadamu ana haki ya kiwango cha chini cha maisha: usalama wa mwili, afya, na riziki ya kumtosha kuishi. Aliyenyimwa hayo, alisema, hawezi kutazamiwa kutenda kikamilifu kama kiumbe mwenye maadili. Mtu anaweza kuichukua hoja hiyo na kuuliza: kwa nini tumhubirie ihsani fundi anayechomwa na jua kutwa, anayelipwa pesa ya mboga, na ambaye kila dakika anayoitumia kutundika kisu ni dakika anayompoteza mteja mwingine? Je, maadili ya namna hii si anasa ya walioshiba?

Nakubali nusu ya hoja hiyo. Njaa hupunguza lawama, na sehemu ya lawama inayopunguka haiyeyuki. Huwahamia wale waliomwacha fundi katika njaa. Lakini kupungua kwa lawama si kufutika kwa deni. Na hoja ya Oruka, ikifuatwa mpaka mwisho wake, inamgeukia anayeitumia hapa, kwa maana kibarua anayesukuma mashine naye yuko ukingoni mwa kiwango kilekile cha chini, na kinachohatarishwa na kisu kibovu ni mambo yaleyale matatu: usalama wa mwili wake, afya ya mikono yake, na riziki inayotegemea mikono hiyo. Haki ya kiwango cha chini haiwezi kuwa hati ya maskini mmoja kumvunjia maskini mwingine kiwango chake. Isitoshe, umaskini unaeleza kwa nini fundi hana mashine ya kisasa ya kupimia; hauelezi kwa nini hana msumari. Mahali umaskini unapouma kweli ni kwenye ufa, kwa kuwa kumwambia mteja kwamba kisu chake kimekwisha ni kuyakosa malipo ya kukinoa. Hapo simwombi fundi awe malaika. Namwomba aseme. Neno moja, kwamba kisu hiki kina ufa, humtoa mteja katika upofu na kumhamishia sehemu ya deni. Anayenyamaza ili alipwe amebaki nalo lote.

Pingamizi la pili linatoka kwa wapenda mapatano. Mteja aliomba kunolewa, amenolewa. Kama alitaka na uwiano, angesema na kulipia. Na kama kuna hatari kwa watu wengine, hiyo ni kazi ya serikali, si ya dhamiri ya fundi. Hoja hii ina kosa ndani yake. Mapatano huwafunga wanaopatana, na hayana uwezo wa kutoa kafara usalama wa mtu wa tatu aliye mbali. Wawili wakikubaliana kuchimba shimo njiani, makubaliano yao hayaligeuzi shimo kuwa halali kwa anayepita usiku. Ama kuhusu serikali, Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya bidhaa na huduma zenye ubora unaofaa na ya kulindwa afya na usalama wake. Ni maneno mazuri, na yanafaa kudaiwa. Lakini sheria huona kwa macho ya mkaguzi, na mkaguzi ana miguu miwili tu. Sheria ya Vipimo, Sura ya 513, imewawezesha maafisa kuzikagua mizani za wafanyabiashara na kuzipiga muhuri. Hakuna afisa atakayesimama kwenye kila karakana kutoka Kamukunji hadi Kariobangi akitundika visu. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 1972 kuhusu Kenya iliuonyesha ulimwengu kwamba kazi hizi ndogo, zilizokuwa zikidharauliwa, zinazalisha na zinalisha watu wengi hata pasipo kusimamiwa na serikali. Ukweli huo unaongeza uzito wa dhamiri. Pale ambapo msimamizi hayupo, mtu mmoja anayejua ndiye sheria yote iliyopo mahali hapo.

Pingamizi la tatu linauliza mpaka uko wapi. Ikiwa fundi anadaiwa na kila mtu asiyekuwepo, je, hatalemewa? Je, aupime na udongo wa uwanja, aulize na afya ya kibarua? Swali hili ni la haki, na dini zenyewe zimeonya kuhusu kuwatwika watu mizigo isiyobebeka. Mpaka upo, na una nguzo tatu. Deni hufuata kile ulichokibadilisha kwa mkono wako. Fundi wa kisu hahukumiwi kwa udongo. Deni hufuata kile unachokijua, au ambacho mtu wa kazi yako hana udhuru wa kutokijua. Mwanagenzi wa juma la kwanza halaumiwi kama bwana wake. Na deni hukua kadiri madhara yanavyokuwa makubwa na kinga inavyokuwa rahisi. Kwa kipimo hicho, fundi hatakiwi kukifanya kisu kiwe kamilifu. Tofauti ya gramu moja haitamuua mtu, na anayekisaga kisu mpaka kiishe akitafuta usawa wa mwisho anamharibia mteja mali yake kwa ajili ya fahari yake mwenyewe. Anachotakiwa ni kutoliacha lililo wazi kwake na lisilo wazi kwa wengine.

Zinabaki zamu za sisi wengine, na bila zamu hizo hoja yote hii itakuwa njia nyingine ya kumlaumu mnyonge. Mteja anayepigania bei mpaka fundi hawezi kufanya ila sehemu inayoonekana amenunua, kwa pesa aliyoiokoa, mtetemo katika mikono ya mfanyakazi wake. Kamati ya kanisa au ya msikiti inayotaka uwanja safi kabla ya sikukuu na ihesabu gharama ya kisu kipya pamoja na gharama ya viti na vipaza sauti, na imuulize fundi waziwazi kama amekitundika, maana swali hilo humrudishia heshima ya ujuzi wake. Mahubiri nayo yashuke hadi karakanani. Jumapili na Ijumaa tumesikia mengi kuhusu wizi, zinaa na pombe, na machache kuhusu beringi, msingi wa nyumba, waya wa umeme na breki za matatu, ingawa ni katika vitu hivyo ambapo waumini wengi humtendea jirani mema au mabaya mchana kutwa. Na fundi mwenyewe anafundisha, atake asitake. Ufundi wa jua kali hurithishwa kwa kutazama: kijana anayekaa kando ya grainda hujifunza kupiga msumari ukutani kama anauona ukipigwa, na hujifunza kuruka hatua hiyo kama anaiona ikirukwa. Wahenga walisema kinolewacho hupata, na ndivyo ilivyo kwa dhamiri pia: hupata kwa kutumiwa mara kwa mara katika mambo ambayo hakuna anayeyakagua. Mungu anayeabudiwa katika mitaa hii anasemwa kuwa huyaona ya siri. Anayeamini hivyo hana kazi iliyofichika, na kibarua atakayeishika mashine kesho ni mmoja wa watu waliomo katika ibada yake.